Goti Langu na Swali Walilokwepa

Nilikuwa bibi harusi bado, tumepanga chumba Bukoto, mtaa wa Kampala, kifundo cha mkono wangu kilipovimba hata nikashindwa kushika mwiko. Maumivu yakahamia mguuni, kisha yakatua kwenye goti la kushoto. Likawaka moto. Nguo ikiligusa, napiga kelele.

Kliniki ya kwanza ilisema malaria. Ya pili, taifodi. Ya tatu, daktari alitazama hijabu yangu, akamtazama mama aliyenisindikiza, akasema, "Huyu binti wa watu wa dini, ana baridi yabisi tu." Nikamwonyesha vipele vyenye usaha mkononi. Akasema hivyo vimeletwa na joto. Baridi na joto kwa mgonjwa mmoja! Ningekuwa na nguvu ningempindulia meza.

Homa ilipozidi, mama alinipeleka hospitali kubwa. Daktari wa huko, mwanamke wa makamo, alimwomba asubiri nje. Akafunga mlango.

"Dada, unatokwa na uchafu ukeni? Mumeo je, analalamika akikojoa?"

Siku za karibuni mume wangu alikuwa akimeza vidonge, akiniambia ni vya mgongo.

Daktari akavuta maji ya goti kwa sindano. Yalitoka mazito, ya manjano. Yakapelekwa maabara pamoja na vipimo vya ukeni, na jibu likaja: kisonono, kilichoingia kwenye damu na kushambulia viungo. Nikalazwa, nikachomwa dawa, goti likasafishwa.

Mume wangu alikuja kunitazama na mfuko wa machungwa.

"Vile vidonge vilikuwa vya nini?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Ulijitibu peke yako, mimi ukaniacha nioze!"

Akaweka machungwa kitandani, akaondoka. Nilipotoka hospitali nilirudi kwa mama, Old Kampala.

Mama naye akanibembeleza: "Mwanangu, wakiuliza, sema ni baridi yabisi."

Hapo ndipo nilipochemka hasa. Shangazi zangu walipokuja kunijulia hali, niliutaja ugonjwa kwa jina lake, mbele ya chai. Mama akainama. Wakati wa kuaga, shangazi mmoja alibaki nyuma, akaninong'oneza, "Huyo daktari wako anapatikana siku gani?"

Goti langu halikunjiki tena sawasawa. Kila ninaposujudu kwa shida, nawakumbuka wale wa kliniki tatu, na naomba msamaha kwa Mungu kwa ninayowaombea.