Swali la Kwanza la Bwana Walewale

Chuoni walimwita Bwana Walewale, na jina likamganda. Kwa miaka thelathini na moja, mwanafunzi wa saikolojia akiingia na karatasi zake kuuliza atumie jaribio gani la takwimu, mzee hakuzitazama kwanza. Aliuliza: "Uliowapima mwanzo na mwisho ni watu walewale, au wengine?" Ukishajibu hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa amestaafu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na nyumba ya vyumba vitatu imebaki na mtu mmoja na redio. Mpwa wake, binti wa dada yake, alipoanza kuja kila Jumamosi na kompyuta, mzee alifagia sebule mara mbili. Binti alikuwa amewapima upweke watu kumi na wanane, akawakutanisha kwa maongezi wiki nane, akawapima tena. Kisha akalinganisha alama za mwanzo na za mwisho kana kwamba ni za makundi mawili yasiyojuana, na kompyuta ikamwambia hakuna kilichobadilika.

Mzee aliliona kosa kabla chai haijapoa. Hakusema. Jumamosi ya kwanza alimchoresha grafu. Ya pili wakahakiki wastani, ambao haukuwa na tatizo lolote. Ya tatu akataka fomu zote zisomwe upya, moja moja, kwa sauti. Alimpiga danadana mtoto wa watu, na alijua, na kila mlango ulipofungwa aliona haya. Lakini Jumamosi ikifika alivaa shati lililopigwa pasi.

Ya nne binti alikuja macho mekundu.

"Shikamoo, mjomba. Msimamizi kasema Jumatatu ndiyo mwisho, la sivyo narudia mwaka. Bora niandike tu kwamba maongezi hayasaidii kitu."

Njia ya mwongo fupi, na ya mjomba ilikuwa imeishia hapo.

"Marahaba. Kaa. Hawa wa mwanzo na wa mwisho, ni watu walewale?"

"Ndiyo, walewale."

"Basi kila mtu mlinganishe na yeye mwenyewe. Toa alama ya pili kwenye ya kwanza, mmoja mmoja, halafu tumia jaribio la jozi."

Hazikupita dakika kumi. Watu kumi na watano upweke wao ulikuwa umepungua, na safari hii kompyuta haikubisha. Binti alicheka, kisha akageuka kumtazama mjomba wake. Akili alizirithi kwa mama yake.

"Mjomba, hilo swali si ndilo unalomuuliza kila mtu siku ya kwanza?"

"Ndilo."

"Mbona mimi hukuniuliza?"

Angeweza kusingizia uzee.

"Ningekuuliza, ungemaliza siku ileile," alisema. "Nisingekuona tena."

 Binti aliukunja waya wa kompyuta polepole, akautia mkobani. Mlangoni alisema, "Nitakuja, mjomba." Hakutaja siku, na mjomba hakuthubutu kumuuliza.