Nilikwenda na Gari Jipya, Nikarudi na la Mutwiri

Igoki alinipigia simu nikiwa shambani nafungulia migomba maji. Igoki ni mke wa mdogo wangu Mutwiri, na kwa miaka minne alikuwa hajanipigia hata ya kunisalimia. Aliniambia figo za Mutwiri zimechoka, kwamba mara mbili kwa wiki humpeleka hospitali Embu kusafishwa damu. Gari lao la umeme huwatoa Kiambere, likapanda kule kote, likafika Embu limekauka kabisa. Hospitalini hakuna pa kulichaji, kwa hiyo hulala nje kwenye benchi wakingoja fundi mmoja wa mjini awafungulie karakana yake asubuhi. Hakuniomba kitu. Alisema ameona ni vizuri nijue, kisha akakata simu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mitunguu katika boma aliloliacha mama. Nami nina gari la umeme, la aina ile ile ya Mutwiri ila toleo jipya. Lake lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza kuletwa kutoka Japani. Nitasema kwa nini nilinunua langu, ingawa ni aibu.

Mama alipozidiwa, nilimpigia Mutwiri saa tatu asubuhi aje. Nilileta pikapu ya jirani tumpeleke mama hospitali, akakataa kuingia. Alisema anamngoja Mutwiri. Siku ile nilimpigia Mutwiri mara saba. Mara tano alishika, na mara zote tano nilimuuliza mbona hajafika, nikakata bila kungoja jibu. Ya sita na ya saba hakupatikana. Mama alituacha jua likizama. Mutwiri aliingia langoni kesho yake saa tatu asubuhi, akateremka kwenye kile kigari chake na kuniuliza, "Mama yuko tayari?"

Nilidhani amelewa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtoto anayempenda mama yake angekuja hata kwa miguu. Siku ya mazishi, watoto walipoitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa watie mchanga kaburini, nilimnong'oneza mchungaji aliruke jina la Mutwiri. Akaliruka. Mutwiri alisimama nje ya ua kando ya gari lake mpaka tukamaliza, kisha akaondoka bila kula. Mwaka uliofuata nilistaafu nikanunua gari kama lake, na nikawaambia wanaouliza kwamba nataka kuonyesha gari la umeme linaweza kufika kwa wakati, dereva akitaka.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Mitunguu na betri imejaa. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke hukusalimu kwa Kijapani, na ukizima hukuaga. Hata la Mutwiri ni hivyo. Mama alikuwa akimjibu kwa Kimeru, tena kwa heshima, akisema mgeni hasalimu mara mbili bila kuitikiwa. Nilipanda mpaka Nkubu, nikashika barabara ya Chuka, ile inayoshuka mtoni na kupanda, ikishuka na kupanda, mpaka mtu anasahau yuko mto gani. Kwenye kioo cha dashibodi asilimia za chaji zilipungua polepole nikipanda, na nikishuka zikarudi mbili tatu. Nilifungulia hewa baridi, nikatia nyimbo za kwaya. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Mutwiri, nikiyasahihisha kama insha.

Runyenjes nilipita bila kusimama. Bodaboda zilikuwa zinashusha magunia ya kahawa, nikapiga honi nikapewa njia. Embu nilinunua mkate na matunda, na kutoka hapo nikateremka kwenye joto la Mbeere.

Saa sita mchana nilifika Kiambere nikiwa na asilimia ishirini na mbili. Mutwiri alikuwa ameketi kwenye kivuli cha paa la karakana yake, maana yeye ni fundi wa redio na sola. Alikuwa amekonda hata saa ya mkononi imeteremka karibu na vidole. Aliniambia, "Karibu, Mwalimu." Zamani aliniita dada. Maneno yangu yote niliyoyasahihisha kutoka Nkubu niliyaacha, nikamkabidhi mkate na matunda.

Tulikula wali na ndengu alizopika Igoki, tukaongea habari za mvua. Baada ya chakula nilimwambia nimemletea gari. Akatikisa kichwa.

"Sitaki zawadi, Mwalimu."

"Si zawadi. Tubadilishane. Mimi sina safari."

Alimtazama Igoki, na Igoki akatazama chini. Nadhani alinyanyuka kwa ajili ya lile benchi la Embu. Ufundi ulimrudia alipofungua boneti ya gari langu. Magari yetu yalikuwa yameegeshwa uso kwa uso, na hapo ndipo nilipoyaona vizuri kwa mara ya kwanza. Lake taa zimetokeza kama macho ya chura, langu zimelala. Yote mawili hula umeme kwa pua, pale mbele waya unapochomekwa. Viti ni vile vile, mlango unalia vile vile ukifungwa. Lakini langu huenda mara tatu ya mwendo wa lake, na linakueleza ukweli kwa asilimia. La Mutwiri lina vijiti kumi na viwili tu vya chaji kwenye kioo, na pembeni namba ya kilomita zilizobaki ambayo hubadilika kila uonapo kilima.

"Hii yako inasema," alisema akipapasa usukani. "Yangu ilikuwa inanibahatishia."

Akafunga boneti.

Kesho yake saa nne asubuhi niliondoka Kiambere na gari lake, vijiti vyote kumi na viwili. Mutwiri alinionya nisiwashe hewa baridi wala redio. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelazwa, juu yake godoro dogo na blanketi la buluu lililokunjwa vizuri. Niliona ni mambo ya hospitali, sikuuliza.

Sijawahi kuona kitu kinachoisha kama vile vijiti. Kabla ya Kiritiri vilikuwa vimetoka vitatu. Kila kilima kilikula chake, na namba ya kilomita ikaruka kutoka hamsini hadi thelathini nikiwa sijasogea hata nusu ya hizo. Nilifunga vioo ili upepo usilizuie gari, jasho likanitiririka mpaka kwenye viatu. Malori yalinipita yakipiga honi. Embu sikuthubutu kuingia mjini. Nilifika Runyenjes saa saba na nusu, kijiti kimoja kikimetameta, na gari likawa linatambaa lenyewe, halikubali tena kukanyagwa.

Liliponifikisha ni mbele ya kinu cha kusaga unga. Mwenye kinu, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Mama Nyaga, alitoka akijifuta unga mikononi. Hakunitazama mimi, alilitazama gari.

"Hii ni ile gari ya fundi wa Kiambere," alisema. "Amekufa?"

Nilimwambia yu hai, mimi ni dada yake. Akavuta waya mnene kutoka ndani, akachomeka bila kuuliza puani ni wapi. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akacheka na kunipa kiti.

Niliketi pale mchana wote. Nilitazama kijiti cha pili kikija, halafu cha tatu. Mambo ya siku ile mama alipofariki, Mutwiri alipokwama pale pale, Mama Nyaga alinisimulia vipande vipande, akienda kumimina mahindi ya wateja na kurudi. Mutwiri alifika mchana kama mimi, maana betri wakati huo ilikuwa bado na nguvu, na vijiti vinane tu ndivyo alivyoondoka navyo Kiambere saa nne, kwa sababu hakungoja gari lijae. Magharibi umeme ukakatika soko lote, naye akangoja urudi. Watu walimshauri aache gari, apande matatu.

"Akakataa," Mama Nyaga alisema. "Alisema mama yake alimpigia simu, akamwambia akuje na hii, sababu haina moshi. Ati mama akiingia gari za mafuta, hiyo harufu inamfunga kifua mpaka anazimia. Alikuwa ametandika nyuma, ile blanketi ya blue. Kulala alilala hapo mbele ameketi, nyuma hakugusa."

Nilimuuliza kwa nini simu yake haikupatikana.

"Ilizima. Nilimwambia achaji kwa gari. Akasema stima iliyo kwa gari ni ya mama."

Nilimuuliza pia kama alisema kwa nini mama hakuniambia mimi. Mama Nyaga alifikiri, kisha akasema ndiyo, alisema dada alikuwa ameshaleta pikapu, na mama aliona haya kumwambia sababu ya kuikataa.

Nilikwenda nyuma ya kinu nikalia. Miaka thelathini na minne nilisahihisha kazi za watoto wa watu, na kazi ya ndugu yangu nikaipa sifuri bila kuifungua.

Jioni simu yangu iliita. Ilikuwa namba ya Mutwiri.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Runyenjes. Kwa kinu."

"Vijiti vingapi?"

"Vitano."

"Usipande Chuka na vitano. Lala hapo, ijae. Mimi siku ile nilitoka na saba, vikanidanganya, ikanishinda pale mtoni Thuchi. Nilivutwa na lori ya ndizi. Kamba bado iko kwa buti, ukihitaji."

"Mutwiri, mbona hukuniambia mambo ya mama?"

"Hukuuliza," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

Nililala kwa Mama Nyaga. Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na vijiti vyote kumi na viwili. Siku ile Mutwiri aliondoka pale saa kumi alfajiri, na saba. Nilivuka Thuchi, nikapanda, nikashuka. Hakuna lori lililonivuta wala mama aliyekuwa akiningoja, na bado nilikuwa naliomba gari lile kwa sauti kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimame kukamuliwa. Kutoka Nkubu liliteremka lenyewe, nami nikaliacha liende.

Niliingia langoni kwangu saa nne. Nilikuwa nimeondoka Kiambere saa ile ile aliyoondoka yeye, na betri iliyojaa, na simu inayoita, na mtu wa kuniambia nilale wapi. Alinishinda kwa saa nzima. Niliketi ndani ya gari nikatazama mahali alipokuwa amesimama akiniuliza kama mama yuko tayari. Nyuma yangu blanketi lilikuwa limekunjwa vile vile. Nilizima gari, yule mwanamke akasema neno lake la Kijapani, na sikuwa na nguvu ya kumuitikia.

Nilichojifunza ni kidogo, na nimekijua nikiwa nimechelewa. Gari jipya lilinionyesha njia kutoka Mitunguu hadi Kiambere. La zamani lilinionyesha ndugu yangu. Mchanga niliomnyima siwezi kumrudishia, maana kaburi lilishafunikwa kwa saruji, tena kwa maagizo yangu mwenyewe.

Nilimpigia. Alishika mara moja.

"Nimefika," nikasema. "Ni saa nne."

"Saa nne," alirudia. Nadhani alikuwa anahesabu.

"Uliwahi, Mutwiri," nikamwambia. "Hakuna mtu angeweza kufika mapema kuliko ulivyofika. Nisamehe."

Alikohoa kidogo. Nilimsikia Igoki kwa mbali akimuuliza ni nani, naye akamjibu akiwa ameweka simu mbali na mdomo.

"Ni dada," alisema. "Amefika."