Dakika Tano Nilizoziweka Mwenyewe

Mimi ni mtu wa kompyuta, na kwa miaka kadhaa nilijivunia jambo moja dogo: abiria akikata tiketi katika kibanda chochote cha kampuni yetu ya mabasi, jina lake lilionekana ofisini Kimihurura kabla hajarudisha pochi mfukoni. Tiketi zilimiminika mchana kutwa kutoka stendi kuu ya Nyabugogo na kwingineko, zikahifadhiwa kwenye mitambo tuliyoikodi mbali huko, ile wanayoiita wingu. Programu ya kuzitafuta niliiandika mimi.

Watu hudhani kitu kikishahifadhiwa basi kinaonekana. Si hivyo. Tiketi mpya ni kama mgeni aliyekwisha kuingia uani lakini hajakaribishwa sebuleni: yumo, ila ukiwauliza walio sebuleni watakuambia hawajamwona. Lazima mtambo uwapitie waliofika na kuwaingiza kwenye faharasa, ndipo watafutike. Kwa kawaida niliufanya uwapitie kila sekunde. Wiki ile shule zilikuwa zinafungwa, wanafunzi wanarudi makwao, mtambo ukaanza kuhema. Ili upate kupumua, nikaibadilisha sekunde moja ikawa dakika tano, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia mtu.

Kuna jingine la kukiri. Miezi michache kabla ya hapo nilizunguka vibandani nikipiga marufuku madaftari. Pale Nyabugogo kulikuwa na mama mmoja mkazi wa mtaa wa Nyamirambo, mkata tiketi wa siku nyingi, ambaye alimwandika kila abiria kwa kalamu hata baada ya kumwingiza kwenye kompyuta. Nilipomkataza alicheka.

"Bosi, mali bila daftari hupotea bila habari."

"Daftari ni hili," nikamjibu nikigonga kioo cha kompyuta yake. "Mtu akikuuliza, jibu kile kinachosemwa hapa, si kile unachokumbuka wewe. Nikilikuta hilo daftari tena, utatafuta kazi kwingine."

Nilimkemea hivyo mbele ya wenzake, mtu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini. Haikutosha. Nikawa nawapigia simu wakata tiketi kuwapima: nawatajia jina la abiria, na yeyote aliyejibu kwa kumbukumbu bila kutazama kompyuta nilimfokea. Nikiikumbuka sauti yangu ya siku zile naona haya.

Sasa mama yangu. Tulikulia Ngara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, naye alibaki huko mpaka tulipomleta kwetu Kicukiro uzeeni. Kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka. Kuna siku alikuwa mzima kabisa, akinitania kwamba nalipwa mshahara kwa kukaa. Kuna siku aliamka akidai kwenda kuitazama migomba yake, ambayo tulikuwa tumeiuza zamani.

Asubuhi moja ya wiki ile dada yangu alinipigia simu ofisini kutoka nyumbani.

"Kaka, mama hayupo. Nilikuwa nyuma naanika nguo, narudi nakuta geti liko wazi."

Wa kwanza kumuuliza hakuwa binadamu. Niliandika jina la mama kwenye programu yangu. Hakuna. Nikampigia yule mama mkata tiketi wa Nyabugogo, nikamtajia jina tu, kwa haraka, bila hata salamu.

Nilimsikia akiandika. "Sistemu inasema hakuna, bosi."

"Una hakika?"

"Sistemu inasema hakuna."

Nikakata simu. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na moja. Nikashusha pumzi, nikajiambia kwamba hajasafiri, yuko karibu. Zile dakika tano nilizisahau kama vile ziliwekwa na mtu mwingine.

Tukamtafuta Kicukiro nzima: sokoni, kanisani, kwa fundi anayemshonea nguo. Saa sita ikapita. Ndipo dada akaniuliza, "Kwani ukiangalia tena kwenye hiyo kompyuta yenu?" Kidogo nimfokee na yeye. Nikafungua simu, nikaandika jina, likaja papo hapo: Rusumo, pale mpakani pa kuvukia kwenda Ngara, kiti cha dirishani, tiketi imekatwa saa nne na dakika tisa. Basi lilikuwa limeondoka saa nne na nusu.

Nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi za soko. Kutoka Kimihurura hadi Nyabugogo ni robo saa kwa pikipiki.

Dereva hakupokea simu mpaka alipofika Rusumo, na abiria walikuwa wameshatawanyika. Askari wa mpakani ndio waliompata mama alasiri, ndani ya mtaro kando ya barabara inayoshuka darajani, kiatu kimoja mguuni, nyonga imevunjika. Tulipofika alinitazama.

"Umechelewa kutoka shule," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mama, nimechelewa.

Hatembei tena. Ofisini walisema ni bahati mbaya, nami nikairudisha ile sekunde moja, nikawaeleza wote nilichokuwa nimefanya. Halafu nikaenda Nyabugogo kwa yule mkata tiketi. Nisiseme uongo: nilikwenda kutafuta mtu wa kugawana naye lawama. Mwenye kutoa tiketi ile alikuwa yeye, dakika mbili tu kabla ya simu yangu. Iweje asikumbuke?

Aliponiona alifunga dirisha la kibanda. Akainama, akatoa chini ya kiti mtandio uliokunjwa, na ndani ya mtandio mlikuwa na daftari. Alifungua ukurasa akanionyesha mstari mmoja: jina la mama yangu, Rusumo, saa nne na dakika tisa. Kando yake alikuwa ameongeza kwa herufi ndogo: *mzee, anaenda kuona migomba yake.*

"Alikuwa amekaa pale, bosi." Alinionyesha benchi, hatua nne kutoka dirishani. "Ulipiga simu, mimi niko namuangalia."

"Na ukaniambia hakuna!"

"Nilidhani ni ile mitihani yako." Alilifunga daftari, akalishika kifuani kwa mikono yote miwili. "Hukusema ni mama yako."