Saa ya Shosho

Kila asubuhi nikimwogesha shosho, nyanya yangu, kwanza namvua ile saa yake ya dhahabu, ndogo kama punje ya mahindi. Inanuka mafuta ya kukamulia ng'ombe, kama siku ile alipojipaka mkononi ili iteleze itoke.

Ilikuwa Krismasi, hapa hapa kwake Theta. Kwetu kila mwanamume humpa binti yake wa kwanza jina la mama yake, kwa hivyo jina la shosho tulilibeba wawili: mimi na msichana wa baba mkubwa. Baada ya chakula shosho akainua saa, akaita jina hilo. Tukasimama wote wawili.

"Nimeita mmoja," akasema.

Akanishika mkono, akaugeuza watu wauone. Kucha zilikuwa nyeusi, nilikuwa nimevuna kahawa na mama wiki nzima.

"Huu ni mkono wa ndoo. Kaa chini."

Walicheka. Mama pia alicheka. Mwenzangu akavalishwa, tukapiga makofi, lakini saa ikamdondoka. Shosho akasema atamwekea mpaka mkono ujae.

Mkono ulijaa zamani. Mwenyewe yuko Ruiru, na tangu shosho apofuke hajakanyaga hapa.

Leo shosho ameisikia ikilia karibu na sikio, akaita jina letu.

"Umekuja kuichukua, mami?"

Nikaitia ufunguo polepole, nikamvalisha tena.

"Bado hajafika, shosho," nikamwambia. "Endelea kumwekea."