Gari Jekundu la Bi Zuhura

Asubuhi za utoto wangu Tandika zilianza na mlio wa nyundo ya baba juu ya bati, mwembamba na wa haraka. Baba yangu, fundi Athumani, alinyoosha bodi za magari uani kwetu. Mwaka niliotimiza miaka kumi aliletewa gari ambalo mtaa mzima haukuwahi kuona mfano wake: la Kitaliano, la viti viwili, pua ndefu, magurudumu ya spoku kama ya baiskeli, lililoundwa kwa ajili ya mashindano kabla ya Vita Kuu ya Pili. Lilikuwa la Bi Zuhura, mjane wa Msasani. Marehemu mumewe alilinunua kwa mwenye shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, akambeba humo siku ya harusi yao. Kila Ijumaa Bi Zuhura alikuja na mkongojo wake, akanukia udi katikati ya harufu ya petroli, akalipapasa gari kwa viganja kwa kuwa macho yake yalishaanza kufifia.

Siku injini iliponguruma, alilia.

"Fundi, nizungushe hata mpaka Temeke tu, nirudi."

"Bado rangi, mama. Nipe wiki mbili. Sitaki ukalie gari lenye mabaka."

Alipoondoka nikasema, "Baba, si ungempeleka tu?"

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Akapiga msasa, akapaka, akarudia. Gari likawa jekundu, mtu unajiona usoni mwake. Wiki ya pili ilipokaribia kwisha, akaja mpwa wa Bi Zuhura peke yake, amevaa kanzu. Walikuwa wamemzika jana yake. Baba alikaa chini palepale, kitambaa cha kung'arishia mkononi. Warithi wakaliuza gari. Likapelekwa Kurasini, likafungiwa kwenye kontena, likaenda ng'ambo. Kwa siku nyingi uani kwetu hapakusikika nyundo. Hakuna aliyemlaumu, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye aliijua methali hiyo pia.

Siku hizi mie naishi Kinondoni, na baba, ambaye masikio yamezibwa na miaka ya nyundo, anaishi nami. Magari ya sasa bampa zake ni za plastiki, zikivunjika zinatupwa. Jumapili iliyopita aliniomba nimpeleke Ukonga kumwona dada yake anayeumwa. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba gari limejaa tope, nilioshe kwanza. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo.

"Twende hivi hivi," akasema.

Tukaenda.