Jino Begani

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa labo, yaani maabara, alinipa kipande cha ngozi ndani ya chupa ya formoli akasema, "Kata, mama. Usiogope, mwenyewe iko nyumbani anakula." Alikuwa daktari wa kuchunguza nyama za mwili, mtu wa Kasai, mpole, asiyecheka. Hapo hospitalini Kolwezi tulipokea kila kilichotolewa mwilini mwa watu: matezi, vidonda, vipande vya mapafu yaliyojaa vumbi.

Tuliilowesha nyama katika formoli isioze, tukaigandisha ndani ya nta, tukaikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuitia rangi, ndipo mkuu akaitazama kwa mikroskopi. Ndivyo nilivyojifunza inflamasyo. Mwili ukijeruhiwa, damu hukimbilia pale; panakuwa pekundu, pa moto, panavimba na kuuma. Chembe nyeupe hufika kupigana, kisha zile kubwa zinazomeza mabaki, na mwishowe nyuzi ngumu hujenga kovu. Nilijifunza pia kwamba mwili huzoea taabu, kama kiganja cha mchimbaji kinavyoota ngozi nene.

Nilipelekwa Tenke miaka michache kupima damu kwenye dispensari, kisha nikarudishwa Kolwezi. Ndipo alipokuja Tata Ilunga.

Alikuwa fundi wa baruti kwenye shimo la shaba. Miaka mingi nyuma baruti ililipuka kabla ya wakati. Yeye alitupwa mbali, mgongo wote majeraha. Rafiki yake Mutombo, aliyesimama karibu naye, hakuonekana tena. Familia ilifanya kilio bila mwili. Vidonda vya Ilunga vilifunga, ila begani pakabaki uvimbe mgumu.

"Inaniumaka sawa jino," alimwambia mkuu wetu. "Kuko siku inakuwa moto, bibi yangu akigusa anaondosha mukono mbio."

"Pengine ni kijiwe baruti iliingiza," mkuu akajibu. "Tutaondosha."

Daktari wa upasuaji aliutoa, ukaletwa mezani kwangu. Nilipopitisha kisu, kilikwaruza. Nikaufungua polepole. Nje palikuwa na ganda jeupe la kovu, na ndani yake, kama kitu kilichofungwa kwenye mfuko, jino. Jino la mbele la mtu mzima, limepasuka pembeni. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. Jua lilikuwa tele dirishani, nami nasikia baridi.

"Tata Ilunga iko na meno yake yote," nilisema.

Mkuu aliagiza nyama ya kando ya jino, na ilipokuwa tayari akainama juu ya mikroskopi muda mrefu, kisha akaniita. Nikaona chembe jitu, zile ambazo ni nyingi zilizoungana kuwa moja, zimejipanga pale ulipolala mzizi. Mzizi wenyewe, juu ya sahani, ulikuwa umeliwa, mashimo mashimo.

"Bado zinakula," akanong'ona. "Miaka yote hii. Mwili haijue kama ni rafiki."

Ilunga alipoonyeshwa, aliliangalia jino kwenye sahani, akashika bega lake lililofungwa bandeji.

"Mwite Mama Ngalula," akasema. "Mi siwezi kumupelekea."

Mama Ngalula, mjane wa Mutombo, alikuja kutoka sokoni, unga wa mahindi bado mikononi. Alilinyanyua jino, akapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Njo jino yake. Alikuwa anafungulaka nayo chupa. Nilimukataza, nilimukataza." Kisha akamgeukia Ilunga. "Kumbe alikuwa kwako."

Ilunga akapiga magoti. "Mama, nilikuwa naye, sikujua."

"Simama, tata. Ulimubeba. Unisaidie kumubeba tena."

Walimzika katika kisanduku kidogo. Ilunga ndiye aliyekibeba, na hakukubali kupokewa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kazi ile ilinifanya niogope wafu. Hapana. Kinachonirudia ni zile chembe, zinatafuna bila chuki na bila kuchoka, zikimlinda mtu dhidi ya mwenzake. Kidonda cha Ilunga kilipona vizuri, kovu jembamba, mkuu akaridhika. Juzijuzi nilikutana na mke wake tukitoka kanisani, nikamuuliza habari za bega.

"Ilipona, mama," akasema. "Lakini mpaka leo analalaka upande ingine. Anasema asimubane."