Nyundo ya Kiptoo katika Karakana ya Najma

Kwao Kapsabet hakuna baiskeli iliyowahi kumshinda Kiptoo. Doha alikuja kulinda jengo mtaa wa West Bay, mpaka kampuni iliyomleta ikafilisika. Meneja akawatangazia kambini: atakayepata mwajiri mwingine kabla ya Jumapili atapewa barua ya ruhusa ya kuhamia kwake, wengine wote ndege ya kurudi makwao. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kiptoo aliogopa, kwa sababu mkewe Jebet na watoto walikula kwa mkono wake tu.

Nafasi ilikuwa moja. Mzee Bashir, Mhindi wa Kerala mwenye karakana ya baiskeli mtaa wa Najma, alimwambia aje Ijumaa baada ya swala na vifaa vyake, ajaribiwe.

Jioni akaenda na Onyango, mwenzake wa chumba, kwa wauza vifaa vya mitumba. Hela zake zingenunua spana tatu ngumu, au sanduku zima la vipande arobaini vya bei ya kutupa, na nyundo juu. Onyango alijaribu spana moja ya sanduku kwenye nati, mdomo ukapanuka. Akamsihi achukue chache za maana. Wapi! Kwao Kiptoo, fundi mwenye spana tatu kwenye mfuko wa plastiki huulizwa ameziokota wapi. Akabeba sanduku.

Ijumaa Bashir akampa baiskeli ya Mnepali mmoja mjenzi, aliyekuwa akisubiri mlangoni; krenki, ule mkono wa pedali, inacheza. Kiptoo akashusha pumzi, maana hiyo ndiyo kazi aliyoizoea. Kwenye zile baiskeli nyeusi nzito za kwao, krenki hushikwa na pini. Unaigonga pini kwa nyundo, inatoka, kazi imeisha.

Akaitafuta pini. Haikuwepo. Akafungua boliti, spana ikiteleza na kuila pembe, boliti ikatoka kwa taabu. Krenki haikutikisika. Bashir alikuwa hatua mbili tu, anakunywa chai, lakini fundi gani huuliza krenki hutokaje? Akachukua nyundo.

Pigo la tatu likaipinda krenki.

Bashir hakumfokea. Alitoa kwenye droo chombo kifupi cha chuma, akakizungushia kwenye tundu la krenki, akakaza kwa spana. Krenki ikatoka taratibu. Hapo akasema, kwa Kiarabu cha vibarua wanachoelewana wote:

"Mafundi ninao wawili. Nilitaka mtu wa kufundishwa, anayeuliza."

Kiptoo akapiga magoti pale pale kwenye grisi, mtu mzima na ndevu zake. Akasema atauliza, atauliza kila kitu, kuanzia sasa.

"Muulize huyu, basi," Bashir akasema, akimwonyesha Mnepali aliyekuwa ameishika krenki iliyopinda kwa mikono miwili. "Muulize kesho atafikaje kazini."

Kiptoo akainuka, akafunga sanduku lake la spana, akaondoka bila kumuuliza.